Kufunga fitingi za oili kwenye injini ya ndege ya kujitengenezea: chunga inayokaribia kufaa

Anayejitengenezea ndege katika mji kama Nakuru hana uhaba wa fitingi. Maduka ya vifaa vya mabomba yako kila mtaa, mafundi wa mipira ya haidroliki ya matrekta watakubania mpira ukisubiri, na mafundi wa friji wana masanduku yaliyojaa nati za kila ukubwa. Tatizo la wingi huo ni kwamba vifaa vingi kati ya hivyo vitakubali kuingia kwenye injini ya ndege, vitazunguka mara kadhaa na hata vitakaza. Baada ya kufanya kazi hii kwa muda, nimeamini kwamba fitingi inayokataa kabisa kuingia haina madhara yoyote. Ya kuogopwa ni ile inayokaribia kufaa.

Nitazungumzia injini za Lycoming za silinda nne, yaani O-320 na O-360, kwa sababu ndizo nilizozishika mwenyewe. Kila moja hubeba kwoti 8 za oili, ambazo ni kama lita saba na nusu, na oili hiyo husukumwa kwa shinikizo la kati ya pauni 60 na 90 hivi kwa kila inchi ya mraba injini ikifanya kazi kawaida. Mfereji mmoja wa kwenda kwenye kipoza oili ukikatika angani, pampu yenyewe ndiyo itakayomwaga oili yote nje, na rubani hatakuwa na muda mrefu wa kutafuta mahali pa kutua.

Matundu ya oili kwenye mwili wa Lycoming yamekatwa thredi (mikato ya mzunguko inayoshika kama ya skrubu) za mabomba za Kimarekani, ziitwazo NPT, ambazo hupungua upana kadiri zinavyoingia ndani. Mabomba tunayouziwa hapa Kenya, kwa urithi wa Waingereza, ni ya thredi za BSP. Tofauti yao ni ndogo kiasi cha kumhadaa fundi mzuri. Kwa ukubwa wa 1/8, ambao ndio wa tundu la geji ya shinikizo la oili, NPT ina thredi 27 kwa inchi na BSP ina 28. Kwa 3/8, ukubwa wa kawaida wa mifereji ya kipoza oili, NPT ina 18 na BSP ina 19. Kwa nusu inchi mambo huwa mabaya zaidi, maana zote mbili zina thredi 14 kwa inchi na zinatofautiana hasa kwa pembe ya thredi, digrii 60 kwa NPT na digrii 55 kwa BSP. Niliwahi kumwonyesha muuzaji mmoja fitingi ya Kimarekani nikitaka kulinganisha, naye akanijibu, bila nia mbaya yoyote, "Fundi, nusu inchi ni nusu inchi. Ikisumbua kidogo, ongeza tepu." Kwa tangi la maji jibu hilo linatosha. Kwa injini ambayo mwili wake ni alumini ya kusubu, thredi ya chuma isiyolingana hula ile ya alumini, na kuirekebisha kunaweza kumaanisha kuifungua injini upya.

Hata hiyo nusu inchi yenyewe haipimwi kwa namna moja. Bomba linaloitwa nusu inchi dukani lina upana wa nje wa takriban milimita 21, ilhali fitingi ya AN-8 (AN ni kiwango cha fitingi za ndege), ambayo nayo huitwa ya nusu inchi, imepewa jina kwa upana wa nje wa paipu yake, milimita 12.7, na thredi yake ni ya robo tatu ya inchi yenye thredi 16 kwa inchi. Ndiyo sababu siendi dukani na jina la ukubwa pekee; huenda na geji ya thredi na kalipa ya kupimia upana mfukoni, na muuzaji akiudhika namwacha audhike.

Upande wa pili wa fitingi, yaani pale paipu au mpira unapoungana nayo, kuna mtego mwingine. Fitingi za AN huziba kwa koni ya digrii 37, chuma kwa chuma, bila gundi wala tepu yoyote. Fitingi za friji na za magari mengi zina koni ya digrii 45, na kwa bahati mbaya nati ya nusu inchi ya digrii 45 ina thredi ileile ya AN-8, kwa hiyo itafungika vizuri kabisa. Kitakachogusana ndani ni mstari mwembamba tu wa chuma badala ya uso mzima wa koni, na mdomo wa paipu utapasuka baada ya mtikisiko wa muda mfupi. Fitingi za haidroliki za matrekta, ziitwazo JIC, ndizo ndugu wa karibu zaidi, maana pembe ni digrii 37 na thredi ni zilezile, isipokuwa thredi zake hukatwa kwa usahihi wa daraja la chini na hazina karatasi za kuonyesha zilikotoka. Najua wapo wanaozitumia. Mimi siziweki, nami hufunga safari hadi Uwanja wa Wilson, Nairobi, au huagiza kutoka nje.

Kuhusu malighafi, fitingi za AN za alumini huwa za buluu na za chuma huwa nyeusi. Za buluu ni nyepesi na zinavutia macho, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi za Selsiasi, na moto unaotumika kupima vifaa vya chumba cha injini ni wa nyuzijoto 1,093. Mbele ya ukuta wa kuzuia moto, ulio kati ya injini na rubani, natumia za chuma pekee, na kila mpira wa oili navalisha soksi ya kuzuia moto.

Wakati wa kufunga, tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie meza yako. Vipande vyake hukatika na kuingia kwenye njia za oili, na fitingi ya geji ya shinikizo ina tundu jembamba la takriban milimita moja, lililowekwa makusudi ili paipu ya geji ikivunjika oili ivuje polepole. Kipande kidogo cha tepu hulifunga tundu hilo, na geji ikaanza kukudanganya. Tumia gundi laini ya thredi inayostahimili oili, uipake kwenye thredi za NPT tu, ukiacha ile ya kwanza au mbili za mwanzo zikiwa safi. Kwa kuwa thredi hiyo hufanya kazi ya kabari, kukaza kupita kiasi hupasua mwili wa injini au wa kipoza. Baada ya kufikia mwisho wa nguvu za vidole, mzunguko mmoja na nusu hadi mitatu kwa kawaida hutosha. Elbo, yaani fitingi iliyopinda, ikikaza huku imeelekea pasipofaa, usiirudishe nyuma ili kuinyoosha, kwa sababu tayari umeivunja ile ziba. Itoe, isafishe, uanze upya au utafute elbo ya pembe nyingine.

Nati za AN hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa paipu ya alumini ya 3/8, kipimo ni nyutoni mita 8.5 hadi 14. Kwa ya nusu inchi, ni 17 hadi 28. Shikilia fitingi kwa spana ya pili, hasa kwenye kipoza oili, maana masikio yake ya alumini hupinda kirahisi.

Mipira isikatwe kwa urefu wa kubana. Mpira wenye shinikizo unaweza kufupika kwa hadi asilimia 4, kwa hiyo acha ziada ya asilimia 5 hadi 8, na uangalie mstari uliochapwa ubavuni mwake: ukiona umejizungusha, mpira umesokoteka na utajitahidi kulegeza nati. Injini hukaa juu ya raba, nayo huruka sana inapowashwa na inapozimwa. Itikise kwa mikono na uone mpira unagusa wapi.

Katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari hasa, vumbi la Nakuru huingia kila penye uwazi. Ziba kila tundu kwa kifuniko tangu siku unapoifungua injini hadi dakika unapounganisha.

Kabla ya kuwasha, toa plagi moja katika kila silinda, kisha zungusha injini kwa stata hadi geji ionyeshe shinikizo, ukae na tochi ukikagua kila kiungo. Ukiwasha na shinikizo lisipande ndani ya sekunde 30, zima. Baada ya kuzima, pangusa kila fitingi ikauke, nyunyizia poda nyeupe ya talki, washa tena kwa muda mfupi, na doa la oili litajionyesha lenyewe. Nati ya AN inayovuja usiikaze zaidi, wala usiiguse injini ikiwa na shinikizo. Izime, ifungue, na uangalie koni kwa kioo cha kukuza, kwa sababu mara nyingi utakuta mkwaruzo au uchafu ambao nguvu ya spana ingeuzidisha tu. Ikishakauka bila doa, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa fitingi, na mstari huo uutazame kila unapofungua kifuniko cha injini kabla ya kuruka, uone kama nati imelegea.