Barua ya "Hustahili" Sio Mwisho: Nilivyofuatilia Msaada Baada ya Moto wa Altadena

Wiki iliyopita dada mmoja Mkenya aliniandikia. Alikuwa mpangaji Altadena, California, kama nilivyokuwa mimi, na moto wa Eaton ulimteketezea kila kitu usiku uleule wa tarehe 7 Januari 2025. Aliomba msaada kwa FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, akajibiwa kwa barua kwamba hastahili. Akaikunja barua, akaiweka kando, akanyamaza. "Niliona serikali ikishasema, imesema," aliniandikia. Sasa amesikia kwamba mimi nilipata, anauliza nilimjua nani.

Sikumjua mtu. Ujumbe wake umeniuma, kwa sababu muda wa kukata rufaa ni siku 60 tangu tarehe iliyo kwenye barua, na kwake siku hizo ziliisha kitambo. Msaada ambao huenda ulikuwa haki yake ulikwama kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba barua ya kwanza hujibiwa. Namwandikia yeye, na wewe unayeishi mahali penye milima mikavu na upepo, ambaye maafa kama haya bado hayajakufika.

Usiku ule nilikuwa kazini. Mimi ni keagiva, nahudumia wazee majumbani mwao, na zamu yangu ilikuwa ya usiku kwa mzee mmoja Pasadena, mji jirani. Upepo wa Santa Ana ulikuwa unavuma tangu asubuhi kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, na kwenye televisheni tulikuwa tukitazama Pacific Palisades ikiwaka upande wa pili wa kaunti. Jioni, baada ya saa kumi na mbili, moto mwingine ukazuka Eaton Canyon, juu ya mtaa wetu. Nilimvalisha mzee, nikakusanya dawa zake na mashine yake ya oksijeni, nikamtoa. Bibi niliyepanga kijumba nyuma ya nyumba yake alikuwa Altadena magharibi, na huko, upande wa magharibi wa barabara ya Lake, amri ya kuondoka ilifika baada ya saa tisa usiku, nyumba nyingine zikiwa tayari zinaungua. Jirani ndiye aliyemgongea mlango. Moto ule uliua watu 19, karibu wote wa upande wetu, na uliharibu majengo zaidi ya 9,000.

Kulipokucha nilikuwa na sare ya kazi niliyovaa, simu, gari, na mkoba wenye leseni ya udereva. Pasipoti, grin kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkataba wa kupanga, vyeti vyangu vya kazi, picha za marehemu baba, vyote vilikuwa kwenye kile kijumba cha nyuma ya nyumba ya bibi.

Rais Biden alitangaza maafa makubwa tarehe 8 Januari, na tangazo hilo ndilo lililofungua mfuko wa FEMA kwa mtu mmojammoja. Bila tangazo la rais, FEMA haikupi hata senti. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza baada ya moto wowote Marekani ni kama kaunti yako imetajwa kwenye tangazo. Ikiwa imetajwa, jiandikishe siku hiyohiyo, kwa tovuti ya DisasterAssistance.gov au kwa simu 1-800-621-3362, na ukitaka mkalimani, omba. Usingoje bima ijibu kwanza. Usingoje kupata mahali pa kukaa. Mwisho wa kujiandikisha kwa moto wetu ulipangwa kuwa 10 Machi, ukasogezwa hadi 31 Machi, na bado kuna watu ninaowajua waliochelewa kwa sababu ya aibu.

Aibu hiyo naijua. Sisi tumelelewa kwenye harambee. Ukipatwa na msiba, chama kinakutana, namba ya mchango inatumwa kwenye WhatsApp, na watu wa kwenu wanakuinua. Walinifanyia hivyo, na Mungu awabariki. Lakini mchango wa wiki moja hauwezi kulipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima Los Angeles. Na wapo walionichangia huku wakisema, "Si ungekuwa umejenga nyumbani?" Maneno hayo sijayasahau. Mtu amepoteza kitanda chake, wewe unamkagua alivyotumia mshahara.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. FEMA hairuhusiwi kulipia kitu ambacho kimeshalipiwa na mwingine, iwe ni bima au mchango. Tangazo la mchango likisema pesa ni za kodi ya nyumba, kodi hiyohiyo inaweza kukataliwa na FEMA. Marafiki wanapokuandikia tangazo, waseme tu kwamba ni za kumsaidia fulani baada ya moto.

Wiki moja baada ya moto, kituo cha msaada kilifunguliwa kwenye jengo la chuo cha Pasadena City College, na baadaye kingine Altadena kwenyewe. Nawaambia watu, nendeni wenyewe. Simu inakupa namba ya kusubiri, lakini kituoni meza zimepangwa pamoja: FEMA, SBA ya mikopo, leseni za magari, Social Security (hifadhi ya jamii), malipo ya wasio na kazi, kaunti. Unatoka meza moja unaingia nyingine na faili lako mkononi. Nilipeleka daftari, na kila niliyezungumza naye niliandika jina lake, tarehe, na alichosema. Daftari hilo lilikuja kuniokoa.

Maana barua yangu ya kwanza nayo ilisema sistahili. Ilitoka FEMA, na nilipoenda kituoni kuuliza, karani aliniangalia, akasikiliza lafudhi yangu, akaniuliza mbona sifikirii kurudi kwetu nikapumzike. Mimi ninayelipa kodi ya serikali kila mwaka. Nililia kwenye maegesho ya magari mpaka kichwa kikauma, kisha nikarudi ndani nikaenda meza nyingine.

Mama mmoja pale alinisomea barua yangu neno kwa neno, na hapo ndipo nilipoelewa. Ukurasa wa kwanza ulisema sistahili, lakini wa pili ulitaja sababu: kwenye anwani hiyo kulikuwa na familia nyingine iliyokwisha kujiandikisha. Ilikuwa familia ya bibi mwenye nyumba. Kijumba changu na nyumba yake vilikuwa na namba moja ya mtaa. Kwa kompyuta, sisi tulikuwa watu wa nyumba moja wanaoomba mara mbili. Tatizo hili linawapata wapangaji wengi wa vijumba vya nyuma, gereji zilizogeuzwa, na vyumba vya pamoja, na hao ndio sisi. Halimaanishi kwamba umekataliwa. Linamaanisha uthibitishe kwamba mlikuwa kaya mbili.

Bibi aliniandikia barua. Mwanamke huyo ameishi Altadena tangu ujana wake, tangu siku ambazo Mmarekani mweusi hakuuziwa nyumba sehemu nyingi za kaunti hii, na upande wa magharibi wa Lake ndio uliowapokea. Nyumba yake ilikuwa majivu, lakini aliketi akaandika kwa mkono: huyu alikuwa mpangaji wangu, alikaa kijumba cha nyuma chenye mlango wake na jiko lake, alilipa kiasi hiki kila mwezi. Akaweka sahihi, tarehe na namba ya simu. Niliambatanisha nakala ya leseni yangu yenye anwani ileile, taarifa za benki zinazoonyesha kodi ikitoka kila mwezi, na barua fupi yangu mwenyewe. Kwenye kila ukurasa niliandika namba yangu ya maombi. Nikatunza nakala.

Rufaa ilikubaliwa. Nilipewa pesa za kupanga na za baadhi ya vitu vilivyoungua. Sioni haya kusema kwamba nilijivunia barua ile ya pili kuliko cheti chochote nilichowahi kupata, kwa sababu niliipigania kwa jina langu.

Kwa hiyo, soma barua yote. Mara nyingi neno "hustahili" limebeba karatasi moja tu inayokosekana: kitambulisho, ushahidi kwamba uliishi pale, au jibu la bima. Hili la mwisho ni la wenye bima. Wao mara nyingi hupata barua hiyo mpaka wapeleke uamuzi wa kampuni ya bima. Ukikwama, tafuta wakili wa bure. Kwetu, Neighborhood Legal Services na Public Counsel walisaidia watu kuandika rufaa bila malipo. Wakili si wa wenye kesi za jinai peke yao.

Kuhusu kiasi, msijidanganye. Dola 770 za mahitaji ya haraka ndizo zilizotangulia. Baada ya hapo, kwa maafa ya mwaka ule wa fedha, kikomo kilikuwa dola 43,600 kwa mambo ya makazi na 43,600 nyingine kwa mahitaji mengine, na ni wachache wanaofika huko. Pesa hizo hazirudishwi wala hazitozwi kodi. Ukipewa za kupanga, weka risiti zote na mkataba mpya, kwa sababu ukihitaji kuongezewa watataka kuona ulivyozitumia.

SBA nayo inawachanganya watu kwa jina lake, kwa kuwa ni shirika la biashara ndogo. Wengi wetu tuliposikia tulisema, mimi sina duka. Lakini mikopo yake ya maafa ni ya watu wa kawaida pia. Mpangaji anaweza kukopa hadi dola 100,000 za kununua tena vitu na gari, mwenye nyumba hadi 500,000 za kujenga, na kwa moto wetu riba yao ya chini haikufika asilimia 3. Huu ni mkopo, utalipa. Fikiria vizuri.

Kazi yangu ilipotea pia. Familia ya yule mzee ilimhamishia jimbo lingine, na malipo ya kawaida ya wasio na kazi sikuyapata. Kuna mpango mwingine wa maafa, unaitwa DUA, uliowekwa kwa watu wasiopata malipo hayo ya kawaida: waliojiajiri, wakiwemo baadhi ya keagiva, wafanya usafi na madereva. Unaomba kupitia EDD, idara ya ajira ya California, na uthibitisho wa kazi unapelekwa ndani ya siku 21. Wengi wa mtaa wangu hawakuomba kwa sababu hawakujiona kama watu "walioajiriwa." Vilevile msaada wa chakula wa maafa ulifunguliwa kuanzia 10 hadi 18 Februari tu. Dirisha dogo hivyo. Ukiwa unazunguka na huzuni yako bila kufuatilia matangazo ya kaunti, linafungwa na hutajua lilikuwepo.

Na makaratasi. Najua ndilo swali ambalo mnaogopa kuuliza hadharani. Pesa za FEMA ni za raia, wenye grin kadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi, na wachache wengine. Asiye na makaratasi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake raia, mdogo, anayeishi naye na mwenye namba ya Social Security. Lakini FEMA iko chini ya wizara ileile inayosimamia uhamiaji, kwa hiyo ikiwa hali ya mtu yeyote nyumbani ina utata, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote. Msisikilize ushauri wa kikundi cha WhatsApp kwenye hili. Kwa upande wangu, pasipoti ya Kenya niliifuatilia kwenye ubalozi wetu mdogo hapa Los Angeles, na grin kadi kwa fomu I-90. Ada ya fomu hiyo unaweza kuomba usamehewe. Eleza kwamba karatasi zimeungua.

Matapeli walikuja haraka kuliko misaada. Mkaguzi wa kweli wa FEMA ana kitambulisho rasmi chenye picha na hakuombi hata dola moja. Anayetaka malipo ili "asukume faili lako" ni mwizi, hata kama anazungumza Kiswahili na mnasali kanisa moja. Ukijiandikisha ukaambiwa kuna mtu ameshatumia jina lako, piga simu FEMA na uripoti papo hapo, kwa sababu wezi wa majina waliwaingilia watu wengi baada ya moto huu.

Ndugu zangu, tunajua kupanga foleni ya Huduma Centre, ofisi za serikali kule Kenya, tangu alfajiri. Tunajua kurudi kesho kwa sababu karani ameenda chai. Uvumilivu huo tunao, tumekuja nao. Kwa nini tukifika ofisi ya Marekani tunakuwa wapole namna hii? Kodi zetu zimo kwenye mfuko ule. Uliza tena. Omba kuongea na msimamizi. Mwambie akuandikie sababu.

Na wewe dada yangu uliyeniandikia, bado kuna mlango mmoja. Hasara ya maafa yaliyotangazwa na rais inaweza kutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hata ya mpangaji aliyepoteza vyombo, kwa ile sehemu ambayo hukulipwa na mtu yeyote. Ikiwa ulishafaili ritani ya mwaka huo bila kuitaja, kwa kawaida kuna miaka mitatu ya kuirekebisha. Anza leo kuandika orodha ya vitu, chumba kwa chumba, pamoja na ulivyonunua na bei. Tafuta picha za zamani kwenye simu za rafiki zako, zile za sherehe, maana makochi na televisheni huonekana nyuma. Ile barua ya FEMA usiitupe, mhasibu ataitaka. Wangu anajua mambo ya moto, na nimeshamwambia kwamba utampigia.