Re: Maua ya Kichina ya rangi za maji, mbona yanapasuka?

Mkuu, umeuliza kama hiyo michoro ya maua uliyopata mnadani London unaweza kuilowesha kidogo ili inyooke. Aisee usithubutu, maji yaweke mbali kabisa! Kwa ulivyoielezea, nyeupe, laini, haina nyuzi, hiyo itakuwa kazi ya Canton (Guangzhou ya leo) ya karne ya 19, na hapo hamna karatasi mzee, ni moyo wa shina la mmea unaitwa Tetrapanax papyrifer, fundi anauzungusha taratibu kwenye kisu kikali unatoka utando mwembamba, ndo maana hata saizi zake huwa ndogo. Rangi ikigusa pale seli zinavimba, inamisha picha kwenye mwanga utaona petali za peoni zimeinuka kama velveti, yani raha. Shida ni kwamba miaka ikienda inakuwa dhaifu balaa.

Hizo ziliuzwa sana kwa mabaharia na wafanyabiashara wa kizungu. Zile za John Reeves, mkaguzi wa chai wa Kampuni ya India Mashariki aliyefika huko 1812, ni habari nyingine, aliwalipa wachoraji wa hapohapo wakachora mimea kisayansi kwa ajili ya chama cha bustani cha London, na mi naona zile ndo kali zaidi.

Ya kwako weka fremu yenye kadibodi ili kioo kisiguse, mbali na jua. Mipasuko mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi, selotepu usijaribu.