Subiri plasta ikauke kwanza

Kaka, umeuliza kama uanze kutandika reli za treni ndogo za mfano kwenye chumba cha mita 3 kwa 2.5 ulichopiga plasta wiki iliyopita, na uchague saizi ya HO au N. Usianze bado. Plasta mbichi hutoa unyevu kwa wiki kadhaa, mbao zitapinda na reli zitapinda nazo. Maliza pia rangi na soketi, maana vumbi la msasa likiingia kwenye mota ya injini, utalia.

HO ni 1:87, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara 87, na N ni 1:160, ndogo zaidi. Kwa chumba hicho HO inawezekana, ila usiweke meza katikati. Kona ya HO yenye nusu kipenyo cha sm 45 inataka meza ya karibu mita 1 ili treni igeuke, na treni ikianguka upande wa mbali mkono haufiki. Zungusha rafu za sm 50 ukutani, mlangoni weka kipande cha rafu cha kuinua ili upite. Halafu unga waya wa umeme kwenye reli kila mita 1 au 2, usitegemee viungio vya reli peke yake. Vikishika kutu treni inasimama ghafla.