Kura ya madiwani Newham: maswali yenu kabla ya 7 Mei

Alhamisi ya 7 Mei 2026 manispaa zote 32 za London zinachagua madiwani. Maswali mengi tuliyopokea yanatoka Newham, yenye kata 24, viti 66 vya udiwani na meya anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi, kwa hiyo majibu yanalenga huko. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, kwa saa yetu ya Kiswahili.

Mimi ni Mkenya, niko hapa na viza ya mwanafunzi. Rafiki yangu wa Kongo ana ukaazi wa kudumu. Nani kati yetu anaruhusiwa kupiga kura? (Msomaji, Plaistow)

Wewe unaruhusiwa, yeye hapana. Wengi hudhani kinyume chake. Sheria haiangalii uzito wa viza, inaangalia pasipoti. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye miaka 18, anayeishi hapa kwa kibali halali cha aina yoyote, anapiga kura ya madiwani na hata ya wabunge. Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji zimo, na Rwanda imo tangu 2009. Kongo, Burundi na Oman hazimo, kwa hiyo rafiki yako atasubiri mpaka apate uraia wa Uingereza. Asijiandikishe kwa kubahatisha, maana kutoa taarifa za uongo kwenye daftari ni kosa la jinai.

Jiandikishe kwenye tovuti ya gov.uk kabla ya usiku wa manane Jumatatu ya 20 Aprili. Utaombwa namba ya NI (bima ya taifa). Kama bado huna, eleza hivyo kwenye fomu, nao watakuandikia wakitaka nyaraka nyingine. Usingoje siku ya mwisho, kwa sababu barua hizo huchukua muda.

Pasipoti yangu ya Tanzania iliisha mwaka juzi, na kadi ya BRP (kibali cha ukaazi chenye picha) nayo iliisha Desemba 2024. Viza yangu sasa iko kwenye simu. Niende na nini kituoni? (Dada wa Manor Park)

Dada, beba pasipoti hiyo hiyo iliyoisha, au BRP. Tangu Mei 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima, lakini hakuna anayeuliza tarehe ya kuisha. Kinachotazamwa ni kama sura iliyo kwenye picha bado ni yako. Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika.

Viza ya kwenye simu haikubaliki, wala picha ya pasipoti uliyoipiga kwa simu. Kitambulisho cha NIDA, kipande cha Kenya na leseni ya udereva ya Afrika Mashariki vyote vinakataliwa. Leseni ya Uingereza inafaa, hata ile ya mwanagenzi. Wazee wana pasi yao ya basi, lakini kadi ya Oyster ya mwanafunzi haifai, ingawa ina picha ya aina ile ile. Huo ubaguzi hata sisi hatujauelewa.

Tatizo kubwa kwa watu wetu ni majina. Daftari linasema Asha Juma, pasipoti inasema Asha Juma Mwinyi. Tofauti ndogo kama hiyo, au Mohamed na Mohammed, kwa kawaida hupita. Jina la ukoo likiwa jingine kabisa, tuseme umeolewa ukabadilisha upande mmoja tu, chukua na cheti cha ndoa.

Anayevaa nikabu ataombwa kuonyesha uso, ila ana haki ya kufanya hivyo faraghani, na anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke. Uliza mapema, mlangoni.

Asiye na kitambulisho chochote aombe Voter Authority Certificate, yaani cheti cha mpigakura chenye picha. Hakilipiwi. Mwisho wa kuomba ni Jumanne ya 28 Aprili, saa kumi na moja jioni.

Nitie X ngapi? (Kijana wa Stratford, mara ya kwanza)

Utapewa karatasi mbili. Ya meya unaweka X moja tu. Hapa wanaokumbuka 2022 wajihadhari: wakati ule kulikuwa na safu mbili, chaguo la kwanza na la pili. Sasa safu ni moja, na ukiweka X mbili kura inaharibika.

Ya madiwani inategemea kata. Nyingine zina viti vitatu, nyingine viwili, na idadi imeandikwa juu kabisa ya karatasi. Isome. Kata ya viti vitatu inakupa hadi X tatu. Unaweza kuzigawa kwa vyama tofauti, au kuweka moja tu kwa mtu unayemtaka na kuacha nyingine, ili usimwongezee kura mshindani wake. Ukizidisha, karatasi nzima inatupwa, pamoja na zile X ulizokuwa na uhakika nazo. Majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, si kwa chama, kwa hiyo wagombea watatu wa chama kimoja wanaweza kutawanyika juu, kati na chini. Mtu akitia X haraka haraka juu, akashuka, akakuta mwingine anayemtaka, ndipo X ya nne inapozaliwa.

Usitie sahihi wala jina lako. Alama yoyote inayokutambulisha inabatilisha kura. Ukikosea kabla ya kutumbukiza sandukuni, rudisha karatasi kwa msimamizi upewe nyingine.

Mama yangu, miaka 74, amekuwa akipiga kura kwa posta tangu 2018. Mwaka huu hatujaona dalili yoyote. (Forest Gate)

Shikamoo kwa mama. Yaelekea ombi lake limeisha. Maombi ya zamani, yaliyotolewa kabla ya 31 Oktoba 2023, yalikoma kufikia 31 Januari 2026, na sasa kila ombi linadumu miaka mitatu kwa wingi. Aombe upya kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumanne ya 21 Aprili.

Bahasha zikifika, mambo yanaharibika kwenye karatasi ya tamko. Panapotakiwa tarehe ya kuzaliwa, watu huandika tarehe ya leo. Sahihi haifanani na ile ya kwenye ombi. Au binti anamtilia mama sahihi, kwa nia njema kabisa, na kura inakataliwa. Kama mkono unamtetemeka, aombe kusamehewa sahihi wakati wa kuomba. Mkiwa watatu nyumbani, fungueni bahasha moja moja, kila mtu amalize yake: namba ya karatasi ya kura na ya tamko lazima zilingane, na meza moja yenye pakiti tatu wazi ndipo zinapochanganyika. Kura inaingia bahasha A, kisha A na tamko vinaingia bahasha B.

Mkichelewa posta, ipelekeni kituo cha kata yenu siku yenyewe na kujaza fomu fupi. Msiitumbukize kwenye sanduku la barua la halmashauri, itakataliwa. Mtu mmoja anaruhusiwa kupeleka yake na za wengine watano. Mpiga kampeni anayebisha hodi akijitolea kuichukua, mwambieni asante, hapana.

Mlangoni pa kituo kuna mtu mwenye beji ya chama anauliza namba yangu ya mpigakura. Nimpe? (Beckton)

Hulazimiki. Si afisa wa uchaguzi. Chama kinahesabu tu nani amekwisha kupiga.

Nataka kugombea. Inagharimu kiasi gani? (East Ham)

Kwa udiwani hakuna dhamana. Unahitaji sahihi mbili za wapigakura wa kata hiyo, na fomu iwasilishwe kwa mkono siku 19 za kazi kabla ya kura, mwisho saa kumi jioni. Kwa umeya ni pauni 500 na sahihi 30. Raia wa Jumuiya ya Madola kupiga kura anatosha na viza; kugombea lazima awe na ukaazi wa kudumu. Mwajiriwa wa halmashauri hiyo hawezi kugombea humo.

Kikomo cha matumizi ya kampeni ya udiwani ni pauni 960, ukiongeza peni 8 kwa kila mpigakura wa kata. Kata ya wapigakura 9,000 inakupa pauni 1,680. Mkifanya kampeni ya pamoja watatu, kila mmoja anapunguziwa theluthi: pauni 1,120.

Diwani atanisaidia viza? (Canning Town)

Hapana, huyo ni mbunge. Diwani mpelekee ukungu wa ukutani, taka, foleni ya nyumba na maegesho. Nenda na namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako, tarehe uliyolalamika mara ya kwanza, na picha.