Re: Mtoto wa China ya zamani alijifunzaje kusoma?

Mkuu umeuliza wachina wa zamani walimfundishaje mtoto kusoma wakati hawana a e i o u. Kifupi, alikariri kwanza, maana akaja kuelezwa baadae. Kulikuwa na kitabu kinaitwa Qianziwen cha karne ya 6, herufi 1000 na hakuna inayojirudia, zimepangwa nne nne kwa mstari afu zina vina, yani dogo anaghani kama shairi huku macho yanafuata maandishi. Kingine Sanzijing, chenyewe ni tatu tatu, kinaanza kwa kusema binadamu anazaliwa na asili njema. Sasa mtihani wake ndo balaa: unampa mwalimu kitabu, unamgeuzia mgongo, unatiririka mwanzo mwisho, ukikwama rudi kakae. Hadi leo neno lao la kukariri, beishu, lina "bei" ambayo ndo mgongo wenyewe. Waliopita chuoni kwa maalim wananielewa hahaha. Japani nao walikuwa na sodoku, kusoma kwa sauti vitabu vya Kichina kabla hujaambiwa vinasema nini. Mi naona kwa maandishi ya vile ilikuwa sawa tu, ila Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, mwanao mpe silabi.