Kampuni iko Texas, wewe uko Ohio: kodi unamlipa nani?

Nilipohama Dallas, Texas, kwenda Columbus, Ohio, mwajiri wangu alinikubalia niendelee na kazi ileile nikiwa nyumbani. Mshahara haukupungua hata senti, nami nikaona mambo yamekaa sawa. Kumbe deni lilianza siku ileile niliyoshusha mizigo.

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, Ohio inatoza. Kampuni haikuwa imejisajili Ohio, kwa hiyo mwaka mzima nilikatwa kodi za serikali kuu peke yake. Fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi zilizokatwa, ilipofika, visanduku vya 15 hadi 17, panapoandikwa jimbo na kodi iliyokatwa, vilikuwa vitupu. Dada anayenisaidia kufaili, yaani kujaza na kupeleka fomu za kodi, aliniuliza swali moja tu: "Kazi ulikuwa unaifanyia umekaa wapi?"

Columbus. Basi Ohio wanadai chao.

Na si jimbo tu. Huku hata miji hutoza kodi ya mapato, jambo ambalo wengi tunaotoka Texas hatulijui. Columbus huchukua asilimia 2.5 ya mshahara; ukipata dola 60,000, mji peke yake unakudai 1,500. Nauli niliyokuwa nimeweka ya kwenda kumwona mama Tanga iliishia kwenye deni hilo, na iliniuma sana.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukihama, waandikie watu wa mishahara kabla hujafunga mizigo. Wape anwani mpya, uwaulize waziwazi: mtaanza kunikata kodi ya jimbo hili lini? Ya mji je? Kwa kawaida mwajiri mwenye mfanyakazi Ohio hutakiwa kujisajili huko na kukata. Wakisuasua, usiwasubiri. Lipa mwenyewe Ohio kwa awamu: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Ukingoja mwisho wa mwaka, deni linakuja na riba na faini.

Ofisi yako ikiwa New York, hesabu ni nyingine kabisa. Jimbo lile huhesabu siku unazofanyia kazi nyumbani kwako, hata kama nyumba iko Ohio, kuwa ni siku za New York, ikiwa unakaa huko kwa hiari yako na si kwa sababu kazi yenyewe inakulazimu. Hapo New York wanakata, na Ohio nao wanataka uwatajie mapato yote. Usilipe mara mbili: Ohio hukupunguzia kwa kodi uliyolipa jimbo lingine. Ila punguzo hilo halishuki hadi kwenye kodi ya mji. Ile asilimia 2.5 iko palepale.

Unapofaili, anza na fomu ya New York ya mtu asiye mkazi, ndipo uje kwenye ya Ohio, kwa sababu punguzo la Ohio hukokotolewa kwa kodi uliyotozwa kule.