Historia ya Vita Huandikwa Upya kwa Nini?

SWALI: Nimesoma vitabu viwili kuhusu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kimoja kinaitwika Ujerumani lawama karibu yote, kingine kinaigawa kwa dola kadhaa. Iwapo wanahistoria husoma nyaraka zilezile, mbona hawakubaliani? Nami nitamtambuaje anayesahihisha na anayepotosha?

JIBU: Nyaraka haziwi zilezile siku zote. Kwa karibu miaka 30 baada ya Vita Vikuu vya Pili, watu waliandika historia yake bila kutaja kwamba Waingereza, wakiwa Bletchley Park, kituo chao cha kufumbua ujumbe wa siri, walikuwa wakisoma ujumbe wa siri ambao Wajerumani waliufumba kwa mashine ya Enigma. Siri hiyo ilipotangazwa mwaka 1974, ilibidi sifa za baadhi ya majemadari zipimwe upya.

Katika vita ulivyovisoma wewe, lawama ilikuwa pia deni. Kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitwika Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara, na Ujerumani, iliyodaiwa fidia, ikachapisha majuzuu kwa majuzuu ya nyaraka zake ili ijitetee. Hoja ya kugawana lawama ikapata nguvu, hadi mwaka 1961 mwanahistoria Fritz Fischer, Mjerumani mwenyewe, alipoirudisha kwa nchi yake, na wenzake wengi wakamjia juu. Mwaka 2012 mwanahistoria Christopher Clark akaitawanya tena kwa dola kadhaa. Sioni mwongo kati ya hao wawili: mmoja aliuliza Berlin ilitaka nini, mwingine akauliza vita vilizukaje, na swali likibadilika hata waraka wa zamani husema jambo jipya.

Mpotoshaji hujulikana kwenye tanbihi, yaani maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja vyanzo, mahali ambapo wengi wetu, nami nikiwamo, hupapita haraka. David Irving, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya historia ya Hitler na vita, alimshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt jijini London kwa kuwa Lipstadt alimwita mkanushaji wa mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Mwanahistoria Richard Evans na wasaidizi wake wakazifuata tanbihi za Irving hadi kwenye nyaraka zenyewe, na mwaka 2000 jaji akaamua kwamba Irving alikuwa amepotosha ushahidi kwa makusudi. Kila mwandishi hukosea, lakini makosa ya kawaida huangukia huku na huku. Ya Irving yote yalielekea kumsafisha Hitler.